Bomba la Moshi na Dari ya Mshazari

Katika nyumba za mbao za Amerika Kaskazini, jiko la kuni huwekwa sebuleni na moshi wake hutolewa kwa bomba la chuma linalopanda wima mpaka juu ya paa. Dari ikiwa tambarare, kupima ni kazi nyepesi: bomba la duara linataka tundu la duara. Dari ikiwa ya mshazari, yaani imepigiliwa chini ya makombamoyo na kuufuata mteremko wa paa, hesabu hubadilika. Bomba la duara likipenya ubao ulioinama huacha tundu la duaradufu, upande mmoja wa tundu huwa juu kuliko wa pili, na kinywa cha bomba kule nje hakina budi kuushinda mgongo wa paa kwa urefu au kukaa mbali nao. Vipimo vinavyotumika leo katika kazi hiyo vilikusanyika kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 300, na vingi vilijulikana baada ya nyumba kuungua.

Kabla ya bomba, moshi ulijitafutia njia. Kumbi za Uingereza za Zama za Kati zilikuwa na moto katikati ya sakafu. Hazikuwa na dari. Moshi ulijaa kwenye paa refu la mteremko mkali, kisha ukatoka taratibu kwenye tundu lililokingwa kwa vibao. Ukumbi wa Penshurst Place huko Kent, uliojengwa mwaka 1341, bado unayo meko yake ya pembe nane katikati ya sakafu. Nyumba nyingine za wakati huo zilikuja kugawanywa vyumba na ghorofa, lakini makombamoyo yake yaliyoiva kwa masizi yamebaki kuwa ushahidi kwamba zamani moto uliwaka chini yake waziwazi.

Dohani, neno ambalo Kiswahili kilipata kwa Waarabu kutoka jina lao la moshi, ilianza kwenye ngome na majumba ya wakubwa na ikachukua karne kadhaa kuzifikia nyumba za watu wa kawaida. William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter, Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kwao walishangazwa na wingi wa dohani zilizojengwa katika maisha yao. Serikali nayo iliziona. Kuanzia mwaka 1662 kila meko ya Uingereza ilitozwa kodi ya shilingi 2 kwa mwaka, na wakaguzi wakaingia majumbani kuzihesabu; chuki dhidi ya ukaguzi huo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kodi ilifutwa mwaka 1689. Dohani hizo zilikuwa za matofali au mawe. Zilisimama juu ya msingi wake wenyewe na kupenya paa kwa unene wake, na fundi aliyezijenga alikuwa mwashi. Tatizo la chuma chembamba chenye moto kupita katikati ya mbao lilikuwa bado halijazaliwa.

Lilianza kubisha hodi katika makoloni ya Amerika. Walowezi wa kwanza hawakuwa na matofali ya kutosha wala chokaa, ila miti waliikuta tele. Dohani zao zilifumwa kwa vijiti na kukandikwa udongo, na udongo ulipopasuka vijiti vilibaki vikitazamana na moto. Mwaka 1631, baada ya nyumba ya Thomas Sharp wa Boston kuungua kwa moto ulioanzia kwenye dohani, mji huo uliamuru mtu asijenge dohani ya mbao wala kuezeka kwa nyasi. Mwaka 1648 Peter Stuyvesant alitoa amri ya namna hiyo New Amsterdam, mji ambao leo ni New York, na akateua wakaguzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Faini walizotoza zilitumika kununua ngazi, kulabu na ndoo za kuzimia moto. London yenyewe ilifika hapo kwa njia ya uchungu zaidi: moto wa Septemba 1666, ulioanzia kwenye tanuri la mwoka mikate katika kichochoro cha Pudding Lane, uliteketeza nyumba zipatazo 13,200, na sheria ya mwaka uliofuata ikataka nyumba zijengwe upya kwa matofali au mawe. Amerika haikuifuata London katika hili. Iliendelea kujenga kwa mbao, na ndiyo sababu nafasi kati ya moto na mbao ilibaki kuwa swali lake kuu.

Jiko la chuma lililetwa Pennsylvania na wahamiaji wa Kijerumani. Jiko lao la kwanza lilikuwa sanduku la mabamba matano ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Upande wa sita ulikuwa wazi na kuelekea ukutani, nao moto ulichochewa kutoka chumba cha pili kupitia tundu la ukuta. Moshi ulirudi hukohuko na kupanda dohani ya jikoni. Jiko hilo halikuhitaji bomba. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 likaja jiko la mabamba sita, sanduku lililofungwa pande zote, lenye mlango wake wa kutilia kuni na kola ya duara juu. Kola ile ndogo ndiyo iliyobadilisha kazi yote. Sasa jiko liliweza kusimama popote chumbani, mradi pawe na bomba la kulifikisha kwenye dohani au nje.

Benjamin Franklin alibuni jiko lake la Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1740, na mwaka 1744 akachapisha kijitabu cha kulieleza. Alikataa hataza aliyopewa na gavana, akitaka kila mtu aweze kulitengeneza. Lilikuwa na kasoro moja kubwa: moshi ulilazimishwa kushuka nyuma ya bamba na kupita chini ya sakafu kabla ya kupanda, na moshi haushuki kwa hiari yake. Moto ulipofifia, mvuto wa hewa ulikatika na moshi ukarudi chumbani. Aliyeleta hesabu katika jambo hili alikuwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn, Massachusetts, aliyejulikana Ulaya kama Count Rumford. Katika insha yake ya mwaka 1796 alieleza kwamba koo la dohani linatakiwa kubanwa hadi upana wa inchi 4 hivi, ili hewa ya chumba isiporwe bure na moshi upande kwa kasi. Tangu hapo urefu, upana na unyoofu wa njia ya moshi vikawa mambo ya kupimwa na kuandikwa, si ya kukisia.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya majiko. Miji ya Albany na Troy, kwenye mto Hudson, ilikuwa na mchanga mzuri wa kalibu, ilikuwa na mto, na kuanzia mwaka 1825 ilikuwa na mfereji wa Erie wa kusafirisha vyuma vizito hadi magharibi. Jiko lilitoka kiwandani, lakini bomba lilitengenezwa na fundi bati wa mtaani. Alikata bati la chuma, akalizungusha kuwa bomba la inchi 6 hivi, akakunja mshono, kisha akafinya mdomo wa upande mmoja kwa mikunjo midogo ili uingie ndani ya kipande kinachofuata. Kila majira ya kuchipua bomba zima lilishushwa, likatolewa nje na kugongwagongwa masizi yatoke. Asiyewahi kubeba bomba la jiko lililojaa masizi kupita kwenye sebule safi hawezi kujua kwa nini kazi hiyo iliogopwa na familia nzima.

Mikunjo ya mdomo ilizua swali ambalo hadi leo huwakosesha wengi: iangalie juu au chini? Akili ya haraka husema ielekee juu, moshi uteleze bila kukutana na ukingo. Lakini bomba halipitishi moshi tu. Kuni mbichi na moto mdogo hutoa mvuke na utomvu mweusi unaoganda kwenye kuta za bomba, yaani kreosoti, na utomvu huo hushuka. Mdomo uliofinywa ukielekea chini, matone hubaki ndani na kurudi motoni. Ukielekea juu, hutoka kwenye kila kiungo. Makanisa na shule za karne ya 19 zilizojaribu kubana joto kwa kupitisha bomba refu la ulalo juu ya vichwa vya watu zililazimika kuning'iniza vikopo chini ya viungo ili kukinga matone. Kanuni ya sasa inataka sehemu ya ulalo iwe fupi, nayo ipande angalau robo inchi kwa kila futi.

Wakati bomba lilipoenea, namna ya kujenga nayo ilikuwa inabadilika. Chicago ya miaka ya 1830 ilizoea fremu nyepesi za mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari, badala ya maboriti mazito. Nyumba ilisimama kwa siku chache, lakini ndani ya kuta na dari zake mlikuwa na mianya mirefu ambamo moto ulipanda kama ndani ya dohani. Huko mpakani, kwenye vibanda vya magogo na nyumba za udongo wa nyasi za uwanda wa Nebraska na Kansas, bomba la bati jembamba lilitoboa paa moja kwa moja, likizungukwa na kipande cha bati tu. Jeshi nalo lilikuwa na lake: Henry Hopkins Sibley alipata hataza ya hema la duara mwaka 1856, na jiko la bati lenye umbo la pia lililobeba jina lake lilitoa moshi kileleni mwa hema. Pengine hapo ndipo mahali rahisi kuliko pote kupitisha bomba, maana kilele hakina mteremko wa kupigia hesabu.

Hatari kubwa haikuwa pale bomba lilipoonekana. Ilikuwa pale lilipopita mahali pasipoonekana, kati ya dari na paa. Mbao ya kawaida huhitaji joto kali ili iwake, lakini mbao iliyokaa kando ya bomba la moto kwa miaka hukauka, hugeuka kahawia, kisha huwa nyeusi kama mkaa, na mwishowe huweza kushika moto kwa joto ambalo mwanzoni lisingeidhuru. Hii ndiyo maana nyumba iliweza kuishi na bomba baya kwa miaka 10 kisha ikaungua usiku mmoja wa baridi bila kosa jipya la mtu yeyote. Na ndiyo maana bomba la ukuta mmoja limepigwa marufuku kabisa kupita ndani ya dari, paa au mwanya uliofichika; linaruhusiwa chumbani tu, na huko nako linatakiwa kukaa inchi 18, yaani karibu sentimita 46, kutoka kitu chochote kinachoweza kuwaka.

Waliosukuma kanuni hizo ziandikwe walikuwa zaidi watu wa bima kuliko serikali. Chama cha kitaifa cha makampuni ya bima ya moto kiliundwa mwaka 1866, miaka 5 kabla ya moto mkubwa wa Chicago, na mwaka 1905 kilitoa kanuni za ujenzi ambazo miji mingi iliziiga. Maabara ya Underwriters, inayofahamika kwa herufi UL, ilianzishwa mwaka 1894, na chama cha kitaifa cha kinga ya moto, NFPA, mwaka 1896. Waraka wa NFPA wenye namba 211 ndio unaohusu dohani na majiko ya kuni. Kampuni iliyolipa fidia ya nyumba ilitaka kujua moto umetokea wapi, na majibu yake yalipokusanywa yakawa namba.

Katikati ya karne ya 20 majiko ya kuni yalikuwa yameondoka katika nyumba nyingi, yakisukumwa na mafuta, gesi na umeme. Lakini wakati huohuo dari ya mshazari ilikuwa inaingia kwa fahari. Rudolph Schindler alijenga karibu na ziwa Arrowhead, California, mwaka 1934, nyumba ambayo paa lake lilifika karibu na ardhi kama herufi A. Mwaka 1955 Andrew Geller alisanifu nyumba ya namna hiyo ufukweni Long Island, na baada ya hapo nyumba za umbo la A zikaenea milimani na kando ya maziwa kama nyumba za mapumziko. Hazikuwa na nafasi juu ya dari. Dari ilikuwa ni upande wa ndani wa paa. Mteremko wake ulifika nyuzi 60 hivi, na kwa mteremko huo tundu la bomba huwa refu mara 2 ya upana wake.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, bei ya kupasha nyumba joto ilipanda ghafla, na watu wa New England wakakumbuka misitu yao. Kampuni mpya zikazaliwa, kama Vermont Castings iliyoanza Randolph, Vermont, mwaka 1975, na majiko ya zamani ya Norway na Denmark yakapata soko jipya. Wengi walijifungia majiko wenyewe, katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili ya jiko. Majiko ya wakati huo yaliweza kubanwa hewa usiku kucha, kuni zikafukiza badala ya kuwaka, na kreosoti ikajaa bombani. Ikishika moto huunguruma kama ndege inayopaa. Dohani za kiwandani zenye kuta mbili na kihami joto katikati zilikuwepo tayari, ila majaribio yake hayakuwa makali vya kutosha. Katika miaka ya 1980 jaribio kali zaidi likaingizwa: dohani hupitishiwa joto la nyuzi 2,100 za Farenhaiti, karibu 1,150 za Selsiasi, kwa dakika 10, mara tatu, na mbao zilizo kando yake zisidhurike. Dohani ya daraja hilo kwa kawaida huruhusiwa kukaa inchi 2 tu kutoka mbao. Inchi hizo 2 ni za hewa tupu. Kujaza pamba ya kihami humo ni kuua kinga yenyewe.

Kwa hiyo fundi anayesimama leo chini ya dari ya mshazari ana vitu vyote hivyo mkononi. Huliweka jiko mahali pake kwanza, kwa umbali wa ukuta ulioandikwa kwenye kibao cha jiko. Kisha hupanda ngazi na kuning'iniza timazi kutoka darini, akiisogeza hadi ncha yake itulie juu ya kitovu cha kola ya jiko, na anapiga alama pale uzi unapogusa dari. Hutafuta makombamoyo kwa kugonga na kwa msumari mwembamba. Yakiwa yamepangwa kila inchi 16 kutoka kitovu hadi kitovu, na kila mbao ina unene wa inchi moja na nusu, nafasi iliyo wazi ni inchi 14 na nusu. Bomba la ndani la inchi 6 huwa na upana wa nje wa inchi 8 hivi. Ukiongeza inchi 2 kila upande unapata 12, nalo linaenea. Kombamoyo likiwa njiani, jambo la busara ni kulisogeza jiko inchi chache. Kukata kombamoyo kunataka mbao za kupokea mzigo pande zote mbili, na kupindisha bomba kwa viwiko viwili kunapunguza mvuto na kuongeza mahali pa kreosoti kukaa.

Mteremko hupimwa kama seremala wa huko alivyoupima tangu karne ya 19, kwa inchi za kupanda katika kila inchi 12 za ulalo. Pimamaji huegemezwa darini kwa ncha moja na kushikwa sawa. Umbali kutoka alama yake ya inchi 12 hadi darini ndio jibu. Ukiwa inchi 6, tundu lenye upana wa inchi 12 litakuwa na urefu wa inchi 13.4 kufuata mteremko, maana 12 huzidishwa kwa 1.118. Ukiwa inchi 12, yaani nyuzi 45, urefu hufika inchi 17. Misumari minne mirefu hupigwa kutoka ndani kwenye pembe za mchoro ili mwenzake aliye juu ya paa aione ikichomoza na kukata palepale. Katika tundu huingizwa sanduku la bati la pembe nne linalobeba uzito wa dohani. Sanduku hukaa wima kwa timazi ingawa dari imeinama, na ukingo wake hutokeza chini ya dari angalau inchi 2 kwa upande wa chini ya mteremko. Upande wa juu hutokeza zaidi, na hilo huonekana kwa macho kutoka sebuleni kama kosa la fundi, ilhali ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Nje, kanuni ina namba tatu. Dohani ipande angalau futi 3 juu ya paa, zikipimwa kutoka upande wa juu wa tundu. Na iwe juu kwa futi 2 kuliko sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10, zikipimwa kwa ulalo. Upepo unaovuka mgongo wa paa huporomoka upande wa pili, na kinywa kilichofichwa nyuma ya mgongo husukumiwa moshi wake ndani. Kwenye paa la mteremko wa 6 kwa 12, bomba lililo futi 4 kutoka mgongo linataka futi 4: mbili za kuufikia mgongo na mbili za kuushinda. Likiwa futi 10 au zaidi kutoka mgongo, linataka futi 7 kutoka pale linapotokea. Katika nyumba ya umbo la A, ambapo paa hupanda zaidi ya futi 17 kwa ulalo wa futi 10, hakuna njia ya maana isipokuwa bomba kutokea karibu na kilele. Likipita futi 5 juu ya paa, kwa kawaida huwekewa miguu ya kulishikilia dhidi ya upepo. Pale linapotokea huvishwa bati la kuzuia maji, ambalo ukingo wake wa juu huingia chini ya vigae na wa chini hukaa juu yake, kisha huzungushiwa kola ya mvua.

Majiko yaliyotengenezwa baada ya shirika la mazingira la Marekani kuweka masharti ya moshi mwaka 1988 huunguza gesi zake ndani, na moshi unaotoka ni wa joto dogo zaidi. Moshi huo una mvuto dhaifu, kwa hiyo bomba linalopanda wima ndani ya nyumba yenye joto linalifaa jiko jipya kuliko lile la kupenya ukuta na kupanda nje kwenye baridi. Kipande cha mwisho cha bomba la ndani, kati ya jiko na sanduku la darini, siku hizi hutengenezwa kwa vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine. Fundi hukivuta mpaka kifike, hukaza skrubu tatu kwenye kila kiungo, na wakati wa kufagia masizi ukifika, skrubu hufunguliwa na kipande hicho kikasukumwa juu bila jiko kuondoshwa mahali pake.